Mzee Shabani, Utepe Wake na Ngazi ya Dungu

Ninyi mnaoingia wodini siku hizi na mashine ya moyo ndogo kama daftari, mnabonyeza kitufe, karatasi inatoka na majibu yameshaandikwa juu yake, siwaonei wivu. Nawaonea huruma kidogo, maana mtazeeka bila kisa cha kusimulia. Mashine yetu sisi ilibebwa na watu wawili, ilinguruma kwanza ndipo iandike, na ilikuwa na nongwa. Ukiamka vibaya nayo inaamka vibaya. Mimi nimeshastaafu, magoti yamegoma, lakini ulimi bado uko zamu, kwa hiyo vuteni viti.

Jina langu la ubatizo ni Sesilia na kwetu ni Iringa. Nilipopangiwa kazi upande wa Kibiti, katika hospitali moja kando ya barabara ya kusini, jina hilo halikumaliza hata masika moja. Wagonjwa waliniona kila siku nimebeba waya, namfunga huyu mikono, namfunga yule miguu, wakaniita Mama Waya, na yakaisha. Mpaka leo nikishuka kituoni kuna watu wazima na ndevu zao wananiamkia, "Shikamoo Mama Waya," na mimi naitika bila aibu.

Enzi yenyewe ilikuwa ile ya ruksa. Wazazi wenu wanaikumbuka. Tulikuwa tumechoka kupanga foleni ya sabuni na sukari, mara maduka yakafunguka, malori yakawa yanasimama Bungu yamejaa masufuria, redio, baiskeli na marobota ya mitumba. Kila kitu kilikuwa mtumba, na mashine yetu ya moyo nayo ilikuwa mtumba. Marafiki wa hospitali huko ng'ambo walinunua mpya, ya zamani wakatuletea sisi ndani ya kreti, imezungushiwa sweta la sufi isije ikagongwa. Sweta lilichukuliwa na Mama Ndimbo. Alilivaa kila ifikapo Julai na kusisitiza kwamba Kibiti kuna baridi.

Huyo Mama Ndimbo, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, Mngoni wa Songea, ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mnene, na hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Siku yangu ya kwanza na mashine nilibadilisha waya za mikono, ya kulia nikaipeleka kushoto. Utepe wa karatasi ukatoka, michoro yake imepinduka. Mama Ndimbo akautazama, akamtazama mgonjwa, akaniambia, "Sesilia, ama moyo wa baba huyu umehamia upande wa pili, ama wewe hujui mkono wa kulia ugali." Sijabadilisha waya tena tangu siku hiyo.

Alinifundisha mengine ambayo hamtayakuta vitabuni. Kwa mfano, mgonjwa wa pwani akizidiwa, ndugu zake wanamkanda mafuta ya nazi kifua kizima kabla hawajamtoa nyumbani. Wanafanya vizuri, ni mapenzi hayo. Ila vile vipira vya kufyonza vya mashine vinateleza juu ya kifua kama samaki kambale, na mstari unatetemeka mpaka unadhani mtu anakata roho. Kwa hiyo kwanza sabuni, kisha kitambaa kikavu, ndipo mashine. Mafuta maalumu ya mashine yakiisha, na yaliisha upesi sana, unachovya pamba kwenye maji ya chumvi unaiweka chini ya kile kibati kinachoshika waya mwilini. Jenereta ikinguruma vibaya na mstari ukawa na manyoya, unakwenda kuzima friji la maabara kwa muda, ukimwomba radhi mtu wa maabara baadaye.

Na wino. Mashine yetu ilikuwa ya kale, iliandika kwa kalamu yenye wino wake. Wino ule ulipokwisha, barua zikaenda ng'ambo na majibu hayakuja, Daktari Kisanga akasema tujaribu wino wa buluu wa kalamu za shule. Tukaununua dukani Bungu, tukaujaza, na mashine ikaandika bila kuuliza. Ushikeni vizuri huo wino wa shule, maana ndio uliotuletea kisa.

Daktari Kisanga alikuwa Mpare, mrefu, msomaji kupindukia, mtu wa kula chakula cha mchana huku jarida la udaktari limeegemezwa kwenye jagi la maji. Alipenda mashine ile kuliko sisi sote. Wenzake walidhani mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa wa Dar es Salaam, wenye matumbo na magari. Yeye akasema mkulima naye ana moyo, na akawa anapima kila mtu mzima anayelalamika kifua. Alitufundisha hivi: utepe wa kwanza, ule wa siku mtu anapoletwa, unakuonyesha moto umewaka wapi na ni mkubwa kiasi gani. Mstari uliotakiwa ulale unainuka. Tepe zinazofuata zinakuonyesha moto unazimikaje. Mstari ukishuka upesi, una matumaini. Ukikataa kushuka, au mapigo ya kihuni yakaanza kujichomeka katikati ya mapigo halali, au moyo ukawa unakimbia hali mtu amelala tu, huyo usimwondolee macho. "Utepe mmoja ni picha," alikuwa akisema. "Tepe mbili ni habari."

Sheria ya Mama Ndimbo ilikuwa moja, na aliirudia mpaka niliiota. "Sisi tunachora, daktari anasema. Mgonjwa akikuuliza ataishi au hataishi, mwambie moyo wake una mwandiko mzuri, kisha funga waya zako uondoke." Nilimtii miaka mingi.

Basi akaletwa Mzee Shabani.

Alikuwa mkulima wa mpunga, mwenyeji wa Mbwara, shamba lake likiwa bondeni kwenye maji ya mto. Aliletwa nyuma ya gari la kubeba nazi, jasho linamtiririka, ameshika kifua kwa mikono miwili, na mkewe Bi Zuhura amekaa pembeni yake ameshika ndoo, kanga na koroboi, kana kwamba wanahama. Nikamfuta mafuta ya nazi, nikamfunga waya, nikachora. Hata mimi mwanafunzi niliona. Mstari ulikuwa umeinuka kwenye waya za mbele ya kifua, umepanda juu kweli. Daktari Kisanga akaondoka na jarida lake akarudi bila jarida, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya hatari. Tulimpa aspirini, tukampa dawa ya maumivu, tukampa oksijeni kutoka mtungi wetu mmoja, tukamlaza. Zaidi ya hapo hatukuwa na kitu, msije mkadhani tulikuwa tunaficha.

Alipona ule ukali wa kwanza. Baada ya siku kadhaa alikuwa anakaa kitandani, anakunywa uji, anagombana na jirani yake kuhusu redio. Na akaanza swali lake. Wagonjwa wengine huuliza, "Nitapona?" Mzee Shabani hakuuliza hivyo hata siku moja. Aliuliza, "Nitavuna?"

Niwaeleze kwa nini, ninyi mliokulia mjini. Mpunga wa bondeni ukianza kutoa suke, ndege wanakuja kwa makundi, na nguruwe pori wanakuja kwa familia. Kwa hiyo watu wanahamia shambani, wanaishi juu ya dungu, kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, maana chini ni maji na tope. Unapanda ngazi, unashuka ngazi, unapiga kelele, unazungusha kombeo siku nzima. Usipokuwapo, unavuna majani. Watoto wa Mzee Shabani walikuwa wote wameshakimbilia Dar kuuza mitumba, kama vijana wengi wa wakati huo. Walibaki wawili, yeye na Bi Zuhura, na mpunga wao ulikuwa umeshaanza kutoa suke. Wasipovuna, hakukuwa na chakula cha mwaka. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na lilitosha.

Siku ya kuamua kama arudi shambani ikafika. Daktari Kisanga akasema, "Sesilia, nichoree utepe mwingine, na uniletee ule wa kwanza niulinganishe." Utepe wa kwanza ulikuwa umebanwa kichwani pa kitanda kwa kibanio cha nguo, ndivyo tulivyofanya, karatasi ilikuwa adimu na hatukuchora nakala ya pili. Nikaenda. Kibanio nikakikuta. Utepe nikaukuta pia, umeanikwa kwenye chuma cha kitanda, mweupe kabisa, umekunjamana kama nguo iliyotoka kufuliwa.

Nikamwuliza Bi Zuhura imekuwaje. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nshamnywesha, mwanangu," akasema. "Juzi asubuhi. Nliutia kwenye bakuli na maji ya waridi, wino wote ukatoka, kanywa lote. Na kalala vizuri. Dawa yenu ile nzuri, wallahi."

Mnajua kombe, au nalo limepotea? Mwalimu wa chuoni anaandika aya za Kurani kwenye sahani kwa zafarani, wino unaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Bi Zuhura aliona karatasi imetoka kwenye mashine, imeandikwa kwa wino, mwandiko usiosomwa na mtu yeyote ila daktari, nao umetoka kifuani mwa mumewe mwenyewe. Angefikiri nini kingine? Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Nilimpelekea daktari ile karatasi nyeupe. Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Iko wapi michoro?"

"Ameinywa, daktari."

Akavua miwani. "Nimesoma kinachotokea mgonjwa akikataa kipimo," akasema. "Nimesoma kinachotokea akikipoteza. Akikinywa, hilo hatukufika."

Mchana ule akaja kumtazama mgonjwa Maalim Rajabu, mwalimu wa chuo cha Kurani na rafiki wa Mzee Shabani tangu utotoni. Aliposikia, alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akajikaza kwa sababu ya heshima ya dini. "Bi Zuhura, dada yangu," akamwambia, "kombe ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Yale yalikuwa mahangaiko ya Shabani tu. Umemrudishia mahangaiko yake tumboni." Bi Zuhura akasema, kwa hiyo amelalaje vizuri? Maalim akaomba maji. Wodini habari ilienea, na jioni hiyo mgonjwa mmoja wa henia aliniuliza taratibu kama na ya kwake inanywewa kabla ya kula au baada. Mama Ndimbo akaamuru kuanzia siku ile kila utepe uingie kwenye bahasha na bahasha ikae mezani kwake, na akaikalia meza ile kama kuku anayeatamia.

Lakini tatizo halikucheka. Habari ilikuwa imebaki picha. Utepe mpya ulionyesha mstari umeshuka, sawa, ila haujalala kabisa. Umeshuka kutoka wapi? Mimi nilikumbuka ulikuwa juu, daktari alikumbuka ulikuwa juu, na kukumbuka hakupimwi kwa rula. Daktari Kisanga akasema kama ndivyo, tuutazame moyo ukiwa kazini. Katika hospitali kubwa mgonjwa hutembezwa juu ya mkanda unaozunguka huku anachorwa. Sisi mkanda hatukuwa nao. Akapendekeza Mzee Shabani atembee verandani, aende na kurudi.

Bi Zuhura alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua kichwa. "Daktari, mume wangu hafanyi kazi ya kutembea verandani. Kazi yake kupanda dungu."

Daktari akamgeukia. Halafu akaanza kucheka, si kwa dharau, kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi. Akamwita fundi seremala mmoja wa Mchukwi aliyekuwa anatutengenezea vitanda, akamwambia atengeneze ngazi ya dungu, ya miti, si ya mbao, na nafasi kati ya kidato na kidato iwe ileile ya shambani. Mzee Shabani mwenyewe alisimamia kazi akiwa kwenye kiti, akimkosoa fundi kila kidato. Ngazi ikaegemezwa kwenye mnara wa tangi la maji nyuma ya wodi ya wanaume.

Vijana, sikilizeni jinsi tulivyofanya, maana sijaona tena mahali pengine. Mtu hawezi kupanda ngazi amefungwa waya, atajinyonga. Kwa hiyo nilimfunga vibati vya mikono na miguu mapema bila waya, kifua nimekisafisha na kukitia alama kwa kalamu. Mashine tuliitoa nje, tukavuta umeme kwa waya mrefu kupitia dirishani. Benchi liliwekwa chini ya ngazi. Anapanda, anashuka, analala, na mimi kabla hajamaliza pumzi mbili nimeshachomeka kila kitu na kalamu inaandika. Nilifanya mazoezi kwa muuguzi mwenzangu mpaka akaanza kunikwepa koridoni.

Wagonjwa wote waliojiweza walitoka kutazama. Madirisha yalijaa vichwa. Mzee Shabani akajifunga msuli vizuri, akasema Bismillahi, akapanda. Alipanda polepole, kidato kwa kidato, akafika juu, akageuka kututazama kama anatafuta ndege. Daktari akamwambia ashuke. Akalala, nikachomeka, nikachora. Mstari ulikuwa shwari. Mapigo yalikuwa yameongezeka, lakini kwa adabu. Watu wakapiga makofi ingawa hawakujua wanashangilia nini.

"Tena," akasema daktari. "Sasa kama umeona nguruwe."

Mzee Shabani akapanda kama ameona nguruwe. Akashuka vilevile, akalala, uso umebadilika rangi, ingawa alitabasamu kwa ajili ya watazamaji. Nikachora. Mstari ukazama chini, ukapita pale ulipotakiwa kulala, na hiyo nayo ni mbaya kama kuinuka. Nauona mpaka leo. Ukazama, na mapigo ya kihuni yakaanza kujichomeka, moja, kisha mengine mawili yamefuatana. Makofi yaliendelea madirishani. Mimi na daktari hatukutazamana. Aliweka mkono begani kwa Mzee Shabani akamwambia abaki amelala, asinyanyuke kabisa, na akabaki hapo ameinama mpaka mstari ulipotulia.

Baadaye akamweleza bila kuzungusha. Moyo umepata kovu kubwa. Ukiwa mtulivu unajitosheleza, ukikurupushwa damu haiutoshi, na hapo unaweza kusimama. "Dungu basi, Mzee wangu," akasema.

Mzee Shabani hakubisha. Alitazama miguu yake. Ndipo akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo sivuni?"

Niliumia, niwaambie ukweli. Unaweza kuzoea damu na usaha, lakini mtu mzima kuuliza hivyo hutazoea.

Bi Zuhura ndiye aliyesogea. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameona wazi kwamba kulikuwa na karatasi mbili. "Ile ya kwanza ilikuwaje?" akauliza.

"Ya kwanza ilikuwa nzuri," daktari akajibu.

"Si alipanda?"

"Alipanda polepole. Mara moja."

"Basi apande polepole, mara moja. Akishafika juu hashuki. Kula kule, kulala kule, kuswali kule. Kombeo anarusha amekaa. Kupanda na kushuka n'takuwa mie. Mpunga ukiiva namteremsha."

Daktari Kisanga akazichukua zile tepe mbili, akaziweka sambamba juu ya benchi, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita fundi aongeze kijukwaa katikati ya ngazi, pa kukaa na kuvuta pumzi, akamwambia Mzee Shabani aende akajenge hivyohivyo kwake. Akampa vidonge na masharti. Ninyi mnaosema mgonjwa lazima aufuate ushauri wa daktari, kumbukeni kwamba siku ile daktari aliufuata ushauri wa Bi Zuhura, na alikuwa na utepe wa kumruhusu.

Walipoondoka, Daktari Kisanga aliniambia jambo nikiwa nakunja waya. "Huu msimu atauona. Wenye tepe kama hii ya pili, wengi wao siwaahidi msimu mwingine." Hakusema kwa kujidai. Alisema kama mtu anayesoma mawingu na angependa akosee.

Mzee Shabani alivuna. Kisha akarudi na mchele kwenye kikapu, akataka tumchore. Msimu uliofuata akarudi tena, na uliofuata. Kila mwaka, mpunga ukianza kutoa suke, alikuja kuchorwa na kuuliza, "Nitavuna?" Mimi nilimjibu moyo wake una mwandiko mzuri, nikafunga waya. Na kila mwaka daktari aliutazama utepe, akaona kovu lilelile na mapigo yaleyale ya kihuni, akatikisa kichwa. Niliwahi kumwuliza kama utepe umedanganya. Akasema hapana, utepe unazungumzia watu wengi wenye moyo wa namna hiyo, na kuhusu hao wengi unasema kweli. Mbele yetu analala mmoja, na huyo mmoja ana Bi Zuhura. Kama mkisahau mengine yote niliyosema, hilo lishikeni, maana mashine zenu za leo zinaandika majibu juu ya karatasi na mtashawishika kusoma karatasi tu.

Miaka ikaenda. Daktari Kisanga akaenda kusoma zaidi, Mama Ndimbo akastaafu na sweta lake. Halafu mashine ikafa. Kamkono kalikoshika kalamu kalivunjika, na huko ng'ambo walikuwa wameshaacha kuitengeneza. Nikaifunika kwa shuka.

Mzee Shabani alifika na Bi Zuhura kama kawaida yao, mpunga umeanza kutoa suke. Nikampeleka chumbani nikamwonyesha. Alisimama mbele ya lile shuka, akavua kofia.

"Poleni," akasema. "Kafa lini?"

"Mwezi uliopita, Mzee."

"Na ilivyonitabiria kifo mie." Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Kumbe yenyewe ilikuwa haijichori."

Tulicheka sote watatu. Lakini alipocheka alikohoa, na nilipomkalisha nikaona miguu imevimba mpaka juu ya kifundo, na alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. Sikuhitaji mashine. Daktari mpya alikuwa safarini mpaka wiki ile iishe, na gari lao la kurudi lilikuwa linapiga honi barabarani. Mzee Shabani akaninyooshea mkono, kiganja juu.

"Nishike hapa basi, Mama Waya. Weye umeuona moyo wangu kuliko mtu yeyote. Nitavuna?"

Niliushika mkono ule. Mapigo yalikuwa yanakwenda, yanajikwaa, yanakwenda. Nikafikiria sheria ya Mama Ndimbo. Nikafikiria mpunga umefika wapi, maji ya miguu yamefika wapi, na vidonge vya kutoa maji tulivyokuwa navyo kabatini, ambavyo alishawahi kupewa. Nikasikia moyo wangu mwenyewe unagonga.

"Utavuna, Mzee," nikamwambia. "Ila safari hii hupandi hata kidato kimoja. Kaa ukingoni pakavu, upige debe la kufukuza ndege. Dunguni akae Bi Zuhura. Na vidonge hivi kila asubuhi."

Alinitazama usoni kuona kama namdanganya. Hakuona, kwa sababu sikumdanganya. Akavaa kofia yake, wakaenda.

Mavuno yakapita, na hawakuja. Nikaelewa. Niliendelea kufanya kazi, nikajizuia kuuliza watu wanaotoka huko, maana kama yu hai nilishajua jibu lake, na kama alivuna niliogopa jibu lake.

Bi Zuhura alikuja alipomaliza eda. Alikuwa amekonda, amevaa kanga mpya, na kikapu kimefunikwa. Alikaa kwenye benchi la nje, lilelile tulilokuwa tunamlazia mumewe, akanishika mkono kabla hajasema.

"Hakupanda," akasema. "Kapiga debe mpaka tukaziba masikio. Mpunga umeingia ndani wote, tumeshapepeta, kaushika kwa mkono wake. Kesho yake baada ya alfajiri kajinyoosha kupumzika, hakuamka." Akafunua kikapu. "Kaniusia nikuletee huu. Kasema, mwambie Mama Waya, nimevuna."

Nililia pale nje, mbele ya wagonjwa, na Bi Zuhura akanibembeleza mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye. Kisha tukaupika ule mchele jikoni kwa hospitali, tukaula na wenzangu wa zamu, na ulikuwa mchele mzuri.